Masika Leonsia Alipoitwa Bibi

3 Machi

Wewe utakayelishika daftari hili, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa, usimsimulie mtu hata neno moja. Usimwambie mwenye nyumba, wala wapangaji wa hapa Igogo, wala watu wa kazini kwangu. Naandika kwa sababu nyumba nzima inaamini jambo lisilo kweli, na ninayejua ukweli ni mimi peke yangu. Nikinyamaza kabisa, naogopa nami nitaanza kuliamini.

Naitwa Annet. Ni karani wa mapokezi katika maabara moja hapa Mwanza. Napokea mirija ya damu, nabandika namba, naipeleka kwenye friji. Mwanamke anayelala chumbani kwangu ni dada yangu Leonsia, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Ana miaka thelathini na mmoja.

Hapa wanamwita Bibi.

6 Machi

Aliposhuka kwenye meli ya Bukoba mwezi uliopita, nilimpita. Nilikuwa namtafuta dada yangu msusi, mwenye maneno mengi na mashavu ya kujaa. Kizee kimoja chembamba kikanishika mkono. Nywele nyeupe zote, pua imechongoka, ngozi ya uso imekaza juu ya mifupa, macho yana ukungu. Nikataka kumwamkia. Akasema kwa sauti nyembamba kama ya mtoto mwenye mafua:

"Ane, ni mimi."

Mumewe alimrudisha nyumbani Kamachumu. Aliwaambia wazee, "Mimi sikuoa huyu." Mama akampeleka kwa waombaji, kisha kwa wengine ambao hataki kuwataja. Watoto wa pale walikuwa wakimwona wanakimbia. Ndipo mama akanipigia simu nimpokee.

Mwenye nyumba wetu ni Bibi Bernadeta, mama wa Ukerewe mwenye miaka sabini na kitu. Siku ile alikuwa barazani anachambua dagaa. Alipotuona tukipanda mawe ya mlimani, akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia dada yangu, "Shikamoo."

Nikangoja Leonsia acheke, aseme, mama, mimi ni mtoto wako.

"Marahaba," akajibu. "Hamjambo hapa?"

8 Machi

Mvua bado. Wadudu wa ziwani wamesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua.

13 Machi

Nilimwambia Leonsia leo asubuhi tumweleze Bibi Bernadeta ukweli. Akasema, "Mtu mzima amekwisha kuniamkia. Nikimwambia sasa, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Acha."

Nimeacha.

19 Machi

Mvua ya kwanza. Maji yanashuka kati ya mawe yanasema kama watu.

24 Machi

Nimerudi kazini nimekuta wanawake wamejaa chumbani kwetu. Hellen, mpangaji wa chumba cha mwisho, anaolewa baada ya Pasaka, wakaona afundwe na mtu mzima. Dada yangu amekalishwa kwenye kigoda, amejitanda kitenge cha mama yetu. Hellen amepiga magoti. Hellen ana miaka thelathini na mitatu.

"Mume akinyamaza, usimfuate na maneno," Leonsia anasema. "Mpikie, kaa naye. Mimi nimezika waume wawili, hakuna aliyekufa amenikasirikia."

Wakacheka mpaka wakashikana.

"Bibi, na wa tatu?" Evelina akamtania. Evelina ndiye binti wa Bibi Bernadeta, anauza maandazi barazani.

"Wa tatu nilimkimbia. Alikuwa anakoroma kama kivuko cha Kamanga."

Wakacheka tena. Nami nikacheka, maana walikuwa wananitazama. Dada yangu ameolewa mara moja tu, na mume huyo yuko hai.

25 Machi

Nilimuuliza, "Waume wawili umewatoa wapi?" Akasema, "Wamekuja wenyewe mdomoni."

2 Aprili

Mvua siku nzima. Leonsia alikuja na kidonda kwenye kifundo cha mguu, bado hakijafunga. Nakisafisha kwa maji ya chumvi. Halalamiki.

5 Aprili

Nitaandika hili taratibu nisije nikaongeza kitu.

Bibi Bernadeta na Leonsia hukaa pamoja barazani kila mchana. Leo ni Jumamosi, nilikuwa nafua karibu yao. Bibi Bernadeta alikuwa anasimulia mwaka ziwa lilipopanda, baada ya Uhuru, yeye akiwa msichana huko kwao karibu na Nansio.

"Maji yaliingia mpaka jikoni," akasema. "Baba akatupandisha juu ya mwamba na mbuzi wetu."

"Na mihogo," akasema Leonsia. "Mihogo iliyokuwa imeanikwa."

"Ee! Na mihogo."

"Ikalowa, ikanuka. Mkaila hivyohivyo."

Bibi Bernadeta akaacha kuchambua dagaa. "Tukaila hivyohivyo," akasema polepole. "Na mama alikuwa amevaa…"

"Kaniki," akasema Leonsia. "Imechanika begani."

Bibi Bernadeta akamshika mkono, machozi yakamtoka. Akamwambia, "Wewe na mimi tumebaki wachache."

Sisi ni watu wa Kamachumu, juu milimani. Bibi yetu mzaa mama hakuwahi kuishi ufukweni, na ziwa halikuwahi kuingia jikoni kwa mtu yeyote wa kwetu. Huenda Leonsia alibahatisha. Mihogo hulowa popote, na kaniki ilivaliwa na kila mtu zamani. Najiambia hivyo. Lakini aliposema "begani" hakuwa anamtazama Bibi Bernadeta. Alikuwa anatazama ziwani, na macho yake yale hayaoni hata upande wa pili wa njia.

10 Aprili

Leo nimekusanya ujasiri. Dokta Ogweno, mtafiti wa vinasaba pale maabara kwetu, ni mtu wa Rorya, mkubwa wa mwili, mwenye mzaha. Nilimfuata alipokuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umeniamkia vizuri mno leo. Unataka ruhusa?"

"Nina swali. Nina rafiki…"

"Rafiki huyo amevaa viatu vyako?"

"Hapana, Dokta, ni mtu kweli. Ana miaka thelathini na mmoja, lakini ukimwona utampisha kiti."

Akaweka kikombe chini. Hakutania tena.

"Usiniambie zaidi," akasema. "Nikuambie mimi. Alikuwa mtoto mzima tu. Wenzake walipovunja ungo wakarefuka, yeye hakurefuka. Miaka ishirini na kidogo, mvi. Sauti ikawa nyembamba. Miguu na mikono imekauka, mwili umebaki katikati. Macho yana mtoto wa jicho. Na ana kidonda kifundoni kisichopona."

Sikuwa nimemwambia habari ya kidonda. Nilihisi kama mtu ametoka chumbani kwetu sasa hivi, akaja kukaa mbele yangu na kikombe.

Akaniuliza, "Umewahi kusuka?"

"Huyo rafiki yangu alikuwa msusi."

"Basi ni rahisi. Mimi sina nywele ila nina mabinti, najua kilio cha Jumamosi. Ndani ya kila seli kuna uzi wa vinasaba. Ni nyuzi mbili zimesokotana. Seli ikitaka kuzaa nyingine, lazima uzi huo unakiliwe, na hauwezi kunakiliwa umesokotwa. Lazima ufumuliwe. Kinachofumua ni kimeng'enya, tunakiita helikesi. Kinapanda juu ya uzi, kinatembea, kinatenganisha. Na si siku ya kunakili tu. Jua linakata uzi ule, moshi unakata, hata kupumua kwenyewe kunakata, kila siku. Kuna mafundi wa kurekebisha, lakini mara nyingi hawapati nafasi ya kazi mpaka mfumuaji awafungulie."

"Na mfumuaji asipokuwepo?"

"Wapo wengi, kila mmoja na mafundo anayoyaweza. Kuna mmoja hasa, huyo akiharibika, mafundo yake wenzake hawayawezi vizuri. Binti yangu akichoka kufumua, anavuta, nywele zinakatika. Seli nayo inavuta. Kipande kinapotea, kingine kinaungwa pasipo pake. Miaka inapita, seli zinachoka, zinaacha kuzaa. Nyingine zinapoteza adabu kabisa, zinazaa ovyo."

"Kwa hiyo amezeeka."

"Hapana!" Aligonga meza, chai ikamwagika. "Hapo ndipo wanapofia. Kila anayewatazama anasema uzee, anafunga mlango. Huo ni ugonjwa, unafanana na uzee kwa nje. Macho yanatibika. Kisukari kinatibika. Kinachowaua ni moyo na saratani, na saratani zao zinapenda mahali pa ajabu: tezi ya shingo, chini ya kucha, unyayoni. Mwambie rafiki yako aangaliwe unyayo."

Nikashukuru, nikainuka. Akaniita nilipofika mlangoni.

"Annet. Baba ana nakala moja mbovu ya mfumuaji huyo, mama ana moja, wao hawaumwi kitu. Anayeumwa ni mtoto aliyepata zote mbili. Kwa ndugu wa tumbo moja, ni mmoja kati ya wanne." Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Wewe ulirefuka?"

Nilimwambia sisi ni wafupi kwetu. Mama naye ni mfupi.

10 Aprili, baadaye

Lipo. Unyayo wa kulia, karibu na kisigino, doa jeusi lenye kingo zisizo sawa, kama wino uliomwagika ukakauka.

"Hilo? Lipo tangu Kamachumu," akasema Leonsia. "Bernadeta ana madoa mikono yote. Ni ya wazee."

14 Aprili

Nimemshawishi twende zahanati. Mganga kijana, mpole, alimsaidia kukaa.

"Bibi, umezaliwa mwaka gani?"

"Hamsini na moja."

Nikafungua mdomo. Leonsia akanifinya paja kwa kucha mpaka machozi yakanijia. Mganga hakuona. Alishika ule mguu, akautazama, akatabasamu.

"Bibi, haya ni ya umri. Nitakupa dawa ya kupaka."

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimama chini ya bati la duka la simu, nikamwambia kila kitu alichosema Dokta. Helikesi, kufumua, nyuzi. Alisikiliza kama msusi anavyosikiliza habari ya kichwa cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo ndani yangu pamesukwa vibaya," akasema.

"Pamesukwa vizuri. Hakuna wa kufumua. Dada, ukisema umri wako wa kweli watautazama huo mguu. Ukisema hamsini na moja watakupa ya kupaka mpaka ufe."

"Unajua Kamachumu nilikuwa nani? Mwanamke aliyerogwa. Mwenye nuksi. Hapa nikikohoa watu wanasimama. Wananiletea uji. Unataka niwe mgonjwa tena?"

"Nataka uishi."

"Kuogopa kufa ni mambo ya vijana," akasema, akajitanda kitenge, akaanza kutembea kwenye mvua akishika kiuno.

21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Watoto wa nyumba nzima wamekuja kumwamkia kwa foleni. Amewawekea wote mkono kichwani.

27 Aprili

Doa limekua. Nimelipima kwa kifungo cha shati, nisije nikasema ni woga wangu.

30 Aprili

Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa, hakuna wa kumdanganya. Aliniambia, "Mjukuu wangu, niletee maji."

Nikadhani anatania. Nikangoja. Alikuwa amenyoosha mkono, anangoja maji.

4 Mei

Mvua. Sijalala vizuri. Asubuhi natazama nywele zangu dirishani kazini kabla sijafunga kilemba.

11 Mei

Bibi Bernadeta hayupo tena. Alianguka jana asubuhi akichota maji, akafia kwenye gari njiani kwenda hospitali. Evelina amelia mpaka sauti imekatika.

13 Mei

Hili nalo nitaliandika taratibu.

Jana asubuhi Evelina alikuja mlangoni, akapiga magoti mbele ya dada yangu.

"Shikamoo, Bibi. Mama lazima aogeshwe kabla ya kuvalishwa. Sisi watoto wake hatuwezi kumwona, si desturi. Hapa mjini hana mtu wa rika lake ila wewe."

Nilisema haraka, "Bibi haoni vizuri, ataanguka."

"Wewe utamshika mkono mpaka ndani," Evelina akasema. "Kisha utageukia ukutani."

Nilimtazama Leonsia. Nilitaka akatae. Kuvishwa heshima ya mtu mzima ni jambo moja. Kuuona utupu wa mtu mwenye umri wa kukuzaa ni jambo jingine, hata kwetu Buhaya, hata kwa watu wa Ukerewe. Yeye mwenyewe analijua hilo. Akajitanda kitenge chake, akasema, "Twende."

Chumba cha maiti cha hospitali kina vigae vyeupe mpaka juu. Mhudumu alituachia ndoo, sabuni, taulo na kanga mpya, akatoka. Nilimfikisha dada yangu mezani, nikageukia ukutani. Nilikuwa naona vigae tu na kivuli changu.

Nikasikia shuka ikivutwa. Maji. Kitambaa kikikamuliwa. Alikuwa anaogesha taratibu, kama alivyokuwa akiosha vichwa vya wateja wake. Kisha sauti ya maji ikakoma.

Ikakoma kwa muda mrefu. Nikamwita, "Dada?" Baridi ilikuwa inapanda kutoka sakafuni. Kwa muda nilipata wazo baya sana, kwamba nikigeuka nitawakuta wawili wamelala, na sitajua yupi ni wangu.

"Ane," akasema. Ilikuwa sauti ileile nyembamba, lakini ya dada yangu. "Ngozi yake imelegea."

"Nikiishika inanifuata mkononi, kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Tumbo lake limekunjamana pale watoto walipokaa. Mapaja yana mafuta. Huyu ametumika, Ane. Kila mahali ametumika, taratibu." Akavuta pumzi. "Mimi nimekaza kama ngoma. Hakuna mahali popote nilipolegea. Nilidhani tunafanana. Mimi si mzee. Mimi ni nini?"

Nikauambia ukuta, "Una miaka thelathini na mmoja. Wewe ni Leonsia. Unaumwa."

Nikasikia analia. Kisha maji yakaanza tena. Alimaliza kumwogesha, akamvalisha, akanipa mkono.

13 Mei, naendelea

Nilidhani tutazungumza nyumbani, mimi na yeye tu, tupange maneno. Hakungoja. Barazani walikuwa wanawake wote, sufuria za msiba jikoni, turubai limefungwa kwenye mawe. Alisimama mbele ya Evelina.

"Evelina, mimi ni mdogo kwako. Nimezaliwa tisini na nne. Ninaumwa ugonjwa unaofanana na uzee. Mliniamkia, nikaitikia. Nimekosa."

Hellen alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa msibani. Hakuna aliyemfuata.

"Umemwona mama yangu?" Evelina akauliza.

"Nimemwona."

"Ulikuwa unajua umri wako ulipoingia mle?"

"Nilikuwa najua."

Mama mmoja akawavuta watoto wake nyuma yake. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Kama si mzee, ni kitu gani basi?"

Evelina hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Ondokeni kabla mama hajarudishwa," akasema. "Asiwakute hapa."

Nilianza kumweleza: vinasaba, nyuzi, kimeng'enya. Maneno yalikuwa yanatoka kinywani mwangu, wao wananitazama midomo. Kisha mmoja akaniuliza, "Na wewe, binti? Wewe una miaka mingapi hasa?"

Nikasema ishirini na minne. Niliona hawaniamini.

14 Mei

Tulitoka siku ileile na mabegi mawili, tukaenda moja kwa moja hospitali. Dirishani nilisema mwaka wake wa kuzaliwa kwa sauti. Karani mwenzangu akauliza mara tatu. Daktari akamwita daktari, naye akamwita mwingine, mpaka chumba kikajaa. Dokta Ogweno alikuja amevaa kandambili. Hakuna aliyesema ni ya umri. Waliupindua ule mguu juu, wakalimulika doa kwa taa.

22 Mei

Ni saratani. Wamekata sehemu ya kisigino na tezi za kinenani. Hizo tezi wanasema ni safi, kwa sasa. Damu yake imesafirishwa nje ya nchi kupimwa. Na yangu. Niliandika jina langu kwenye mrija kwa mkono wangu, nikaupeleka kwenye friji kama mirija mingine.

29 Mei

Mvua zimepungua. Ameniuliza jicho litafanyiwa upasuaji lini. Anataka kuona uso wangu. Nimemwambia Agosti. Nimeogopa kumuuliza anataka kutafuta nini usoni mwangu.

6 Juni

Kiangazi. Tumepanga chumba ng'ambo, upande wa Kamanga. Hakuna wadudu, hakuna mawingu, ziwa limetulia. Leonsia anatembea kwa magongo, anatukana kwa Kihaya akijikwaa. Jana alimsuka binti wa jirani kwa kupapasa. Mtoto alimuuliza ana miaka mingapi, akamwambia. Mtoto akasema, "Mwongo," wakaendelea.

Majibu bado.

15 Juni

Nilikuomba usiseme. Sasa nakuomba jambo jingine. Dokta anasema haiwezekani familia yenye ugonjwa huu iwe moja tu kuzunguka ziwa lote hili. Kuna wengine wamekaa kwenye vigoda, wanapewa uji, na hakuna anayetazama nyayo zao. Kama ni binti yako, au mkeo uliyemrudisha kwao, au wewe mwenyewe, tutafute.

Panda kivuko cha Kamanga upande wa Mwanza, uvuke. Ukishuka usifuate barabara kubwa ya Sengerema. Kata kushoto kwa wauza samaki wa kukaanga, panda mpaka kwenye kanisa dogo la bati la bluu. Usiulizie bibi, hapa hakuna anayeitwa hivyo. Uliza anapokaa msusi wa Kihaya na mdogo wake. Njoo jioni, nikiwa nimetoka kazini, au Jumapili baada ya misa. Ukiwa huna nauli ya kurudi, utalala.

Majibu yangu yatakuja siku yoyote. Kwa hiyo ukibisha hodi, na aliyekufungulia akawa mwanamke wa nywele nyeupe asiye na magongo, usifikiri umepotea njia. Ingia. Ni mimi Annet.